Tone mahali pake: historia ya mafuta ya mashine, na namna ya kuchagua kikopo chenye pampu

Leo tunazungumza juu ya chombo kidogo kinachokaa kwenye kona ya kila karakana, tena mara nyingi kimejaa vumbi: kikopo cha mafuta chenye pampu ya mkono. Mafundi waliofunzwa kwa Kifaransa wanakijua kwa jina lake la Kifaransa. Wengine wanasema tu "kikopo cha mafuta", na sisi tutakiita hivyo.

Kwa nini tukizungumzie wakati watu wana mambo makubwa zaidi ya kuwaza? Sababu ni hii. Familia nyingi zilizohama makwao hazikubeba shamba wala nyumba. Zilizobahatika zilibeba chombo cha kazi: cherehani, baiskeli, sanduku la funguo za fundi. Chombo hicho ndicho chakula cha kesho na karo ya watoto. Cherehani ikikwama, hakuna pesa ya kununua nyingine. Na mashine nyingi haziuawi na uzee. Zinauawa na kukauka, yaani chuma kusugua chuma bila kitu katikati. Dawa yake ni tone moja la mafuta, lakini tone hilo lazima lifike mahali pake.

Kutafuta namna ya kufikisha tone hilo kuna historia ndefu. Historia hiyo inapita katika mawese yetu, katika familia ya watu waliokimbia utumwa, na katika ziwa letu la Tanganyika.

Kabla ya mafuta ya ardhini

Tangu zamani binadamu alijua kwamba kitu kinachozunguka kinataka kulainishwa. Watu wa mikokoteni walipaka shahamu ya ng'ombe au ya kondoo kwenye mhimili wa gurudumu. Mashine za mvuke zilipoanza kufanya kazi Ulaya katika karne ya 18, mafundi walizilisha shahamu hiyo hiyo. Kwa mashine ndogo na nyepesi, kama saa na mitambo ya kusokota nyuzi, walitumia mafuta ya nyangumi kwa sababu ni membamba na hayagandi upesi. Nyangumi wengi sana waliuawa baharini ili kuwasha taa na kulainisha mashine za watu wa mbali.

Hapo ndipo mawese yalipoingia. Mchikichi ni mti wa Afrika ya Magharibi na ya Kati, na mama zetu wamekamua mawese tangu zamani za mababu. Katika karne ya 19 Uingereza ilinunua mawese mengi kutoka pwani ya Afrika Magharibi, hasa katika delta ya mto Niger. Biashara hiyo ilikuwa kubwa hata Waingereza walipotangaza utawala wao kule mwaka 1885, waliipa nchi ile jina la Mito ya Mafuta. Mawese hayo yalitengenezwa sabuni na mishumaa. Mengine yalichanganywa na shahamu, magadi na maji, yakawa grisi ya rangi ya manjano iliyopakwa kwenye ekseli za mabehewa ya treni. Kwa hiyo kabla reli haijafika kwetu, mafuta ya mti wetu yalikuwa yanalainisha reli za Ulaya.

Sisi Wakongo tunajua vizuri upande wa pili wa habari hiyo. Mwaka 1911 Mwingereza William Lever, mwenye kiwanda cha sabuni, alipata mkataba na serikali ya Ubelgiji, akaanzisha kampuni ya Huileries du Congo Belge. Kituo chake kikubwa kule Kwilu kiliitwa Leverville, ambacho leo ni Lusanga. Mawese ya huko yalikwenda hasa kwenye sabuni. Wanaume walisukumwa kupanda michikichi na kukata ngazi kwa malipo madogo, chini ya mzigo wa kodi na amri za watawala. Mwaka 1931 Wapende waliasi, na askari wa koloni wakaua mamia yao. Kwa hiyo tunaposema "mafuta", tukumbuke kwamba katika nchi hii neno hilo limebeba jasho na damu.

Lakini mawese yana kasoro mbele ya mashine. Asubuhi ya baridi yanaganda, kila mama anayeyauza sokoni anajua. Yakikaa siku nyingi yanachacha, na asidi yake inakula shaba na chuma. Yakikaa zaidi penye hewa yanakuwa kama gundi. Ekseli ya behewa inaweza kuvumilia hayo, lakini sindano ya cherehani haiwezi. Tarehe 27 Agosti 1859, Edwin Drake alipata mafuta ya ardhini katika kisima alichochimba Titusville, Pennsylvania, Marekani. Kutoka katika mafuta hayo walitengeneza mafuta ya mashine ambayo hayachachi upesi na yanaweza kuchujwa yawe mazito au membamba. Polepole shahamu na mafuta ya nyangumi vikaacha nafasi.

Mtoto wa waliotoroka utumwa

Kupata mafuta mazuri kulikuwa nusu ya kazi. Nusu ya pili ilikuwa kuyafikisha. Mtu aliyefanya kazi kubwa katika nusu hiyo ya pili alizaliwa katika familia ya wakimbizi.

Elijah McCoy alizaliwa mwaka 1844 huko Ontario, Kanada. Baba yake George na mama yake Mildred walikuwa watumwa katika jimbo la Kentucky, Marekani. Walitoroka, wakapita njia za siri walizosaidiwa na watu wenye huruma, wakafika Kanada ambako utumwa ulikuwa umekwisha kukomeshwa. Mtoto wao alipenda mashine. Alipofika umri wa miaka 15 wazazi wakampeleka Edinburgh, Uskochi, akajifunza uinjinia wa mitambo. Akarudi na ujuzi wake, akaishi Michigan, Marekani.

Lakini alikuwa mtu mweusi, na hakuna aliyetaka kumpa kazi ya uinjinia. Kampuni ya reli ya Michigan Central ilimpa kazi ya kutia makaa katika tanuri la treni na kupaka mafuta. Msomi wa Edinburgh akawa mtu wa sepetu na kopo.

Kazi ya mpaka mafuta ilikuwa hivi. Treni ya mvuke ina sehemu nyingi zinazosuguana: pistoni, fito, ekseli, vali. Ikitembea kwa muda, inabidi isimame. Mpaka mafuta anashuka na kopo lenye mdomo mrefu, anazunguka treni yote, anatia mafuta hapa, anagusa pale kujua kama pamepata moto, halafu treni inaondoka tena. Abiria wanangoja, mzigo unangoja. Mpaka mafuta akisahau mahali pamoja, chuma kinaungua.

McCoy aliiangalia kazi hiyo kwa macho ya injinia. Mwaka 1872 alipata hataza ya kifaa kinachotumia nguvu ya mvuke wa mashine yenyewe kusukuma mafuta ndani ya silinda wakati mashine inaendelea kufanya kazi. Vifaa vya kutia mafuta vilikuwepo kabla yake, lakini aliendelea kuviboresha maisha yake yote. Alikufa mwaka 1929 akiwa na hataza zaidi ya 50, nyingi zikihusu kulainisha mashine. Mwaka 2012 serikali ya Marekani ilipofungua ofisi ya hataza mjini Detroit, iliipa jina lake.

Vijana wetu walioko kambini na katika familia za kuwapokea wasikie habari hii vizuri. Mtu huyu alinyimwa kazi aliyoisomea, akapewa kopo la mafuta. Hakulidharau kopo. Alijiuliza kwa nini treni nzima inamngoja mtu mmoja mwenye kopo, na jibu lake likabadilisha kazi ya reli.

Kizibo kilichoruka

Miaka michache baada ya hapo, huko Uingereza, injinia Beauchamp Tower aliagizwa na chama cha mainjinia wa mitambo achunguze namna mafuta yanavyofanya kazi katika beringi za treni. Katika ripoti yake ya mwaka 1883 alieleza jambo la ajabu. Alikuwa ametoboa tundu juu ya beringi, mahali penye mzigo, ili atie mafuta. Ekseli ilipozunguka, mafuta hayakuingia. Yalipanda na kutoka nje. Akaziba tundu kwa kizibo, kizibo kikasukumwa. Akaweka cha mbao, nacho kikatoka. Alipofunga kipimo cha mkandamizo aliona kwamba mafuta ndani yana nguvu kubwa kuliko alivyodhani.

Maana yake ni nini? Ekseli ikizunguka vizuri katika mafuta, inayavuta chini yake yenyewe, na mafuta yanaibeba kama maji yanavyobeba mtumbwi. Chuma hakigusi chuma. Katikati pana utando mwembamba sana kuliko unywele. Mwaka 1886 Osborne Reynolds alieleza jambo hilo kwa hesabu, na mainjinia wanatumia hesabu hiyo hadi leo.

Kwa fundi wa kwetu, funzo ni mawili. La kwanza, mafuta hayafanyi kazi kwa wingi wake. Utando mwembamba unatosha, mradi usikatike. Mafuta yanayomwagika chini ni pesa iliyopotea, tena yanakusanya vumbi. La pili, mahali unapotia mafuta pana maana. Pale penye mzigo mkubwa mafuta hayaingii, yanasukumwa nje. Ndiyo sababu watengenezaji wa mashine wanatoboa vitundu maalumu, na fundi mwenye akili anavitafuta vitundu hivyo kabla ya kuanza kumimina ovyo.

Reli yetu na ziwa letu

Upande wetu wa mashariki, mashine kubwa zilifika na reli. Kampuni ya CFL, iliyoanzishwa mwaka 1902 na Mbelgiji Édouard Empain, ilijenga njia za kuzunguka maporomoko ya mto. Njia ya Stanleyville, yaani Kisangani, hadi Ponthierville, yaani Ubundu, ilikwisha mwaka 1906. Ikafuata ya Kindu hadi Kongolo. Mwaka 1915 njia ya Kabalo ilifika Albertville, ambayo leo ni Kalemie, kwenye ufuo wa Tanganyika. Treni hizo zilikuwa za mvuke, na treni ya mvuke haiondoki bila mtu wa kuipaka mafuta.

Ng'ambo ya ziwa, Wajerumani nao walikuwa wamefikisha reli yao Kigoma mwaka 1914. Ndipo tunapofika kwenye meli ambayo wazee wengi wa Uvira, Baraka na Kalemie wanaijua kwa macho: Liemba.

Meli hiyo ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, na jina lake la kwanza lilikuwa Graf von Goetzen. Ilifunguliwa vipande, ikafungwa katika makasha yapatayo 5,000, ikapelekwa kwa meli hadi Dar es Salaam, kisha kwa treni hadi Kigoma. Ikaunganishwa tena, ikaingia majini Februari 1915, wakati vita vya kwanza vya dunia vinaendelea. Ubelgiji ilikuwa upande wetu wa ziwa, Ujerumani upande ule.

Katikati ya mwaka 1916 Wajerumani waliona kwamba Kigoma itachukuliwa. Hawakutaka meli yao iangukie mikononi mwa adui. Tarehe 26 Julai 1916 waliizamisha wao wenyewe karibu na mlango wa mto Malagarasi. Lakini kabla ya kuizamisha, mainjinia walifanya jambo la akili: walizipaka injini zake grisi nyingi sana, kila mahali. Walifikiri kwamba siku moja watarudi kuitoa.

Hawakurudi. Meli ilikaa miaka ndani ya maji. Waingereza waliiibua mwaka 1924. Walipoikagua walikuta injini bado nzuri, kwa sababu grisi ilikuwa imezuia maji yasile chuma. Mwaka 1927 meli ikaanza safari tena, sasa kwa jina la Liemba, ambalo ni jina la zamani la ziwa katika sehemu ya kusini. Injini zake za mvuke ziliendelea kuisukuma hadi miaka ya 1970, zilipobadilishwa na za dizeli.

Na hapa habari inatugusa sisi wenyewe. Mwaka 1997, baada ya vita vilivyomwondoa Mobutu, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, HCR, lilitumia Liemba kuwarudisha nyumbani Wakongo waliokuwa wamekimbilia Tanzania. Ilifanya safari 22 kati ya Kigoma na Uvira katika miezi mitano, ikibeba zaidi ya watu 75,000. Mwaka 2015 meli hiyo hiyo iliwachukua ndugu zetu wa Burundi waliokwama Kagunga na kuwapeleka Kigoma. Kati ya watakaosikia makala hii, wako waliorudi nyumbani juu ya Liemba. Kama mainjinia wale wa 1916 wangeondoka bila kupaka grisi, huenda chombo kile kingebaki chuma chakavu chini ya ziwa.

Kikopo kilivyopata pampu

Sasa turudi kwenye kikopo chenyewe. Cha kwanza kilikuwa kopo la bati lenye mdomo mrefu. Unakiinamisha, mafuta yanatoka kwa uzito wake. Ubaya wake ni kwamba huwezi kuyapima vizuri, na mahali pa juu ya kichwa hayafiki.

Baadaye kikaja kikopo chenye kitako chembamba kinachobonyea. Unakigeuza mdomo chini, unabonyeza kitako kwa kidole gumba, kinalia "tak", tone linatoka. Watu wa vyerehani wanakijua vizuri, kwani vyerehani vingi vya zamani viliuzwa pamoja na kikopo cha namna hiyo. Ni kizuri kwa kazi ndogo. Lakini lazima kigeuzwe, na kitako kikichoka kinapasuka.

Kikopo chenye pampu kilimaliza tatizo hilo. Ndani yake pana bomba dogo linaloshuka hadi chini, pistoni ndogo, springi, na vali ndogo, mara nyingi kijigololi cha chuma. Ukivuta mkono wake, pistoni inasukuma mafuta kwenye mdomo. Ukiuachia, springi inarudisha pistoni, na mafuta mapya yanapanda kutoka chini. Ni kazi ile ile ya pampu ya kisima, ila imefanywa ndogo iingie kiganjani. Kikopo kinaweza kusimama wima, na mafuta yakaenda juu, pembeni au ndani kabisa ya mashine. Kila mvuto unatoa kiasi kinacholingana na cha kwanza. Kazi aliyoifikiria McCoy kwa treni, yaani kiasi kidogo, mahali pake, bila kumwaga, sasa fundi wa chini ya mti anaifanya kwa mkono mmoja.

Namna ya kuchagua

Anza na mashine yako, usianze na duka. Jiulize: tone linatakiwa kwenda wapi?

Kama una cherehani, hutaki kikopo kikubwa cha garaji. Mvuto mmoja wa kikopo kikubwa utamwaga mafuta mengi kuliko mahitaji ya cherehani, na kitambaa cha mteja kitapata doa. Tafuta kidogo, chenye mdomo mwembamba sana, kinachotoa tone moja moja. Usipokipata, chupa ndogo safi yenye mdomo wa sindano inayouzwa pamoja na mafuta ya cherehani inatosha. Usitumie bomba la sindano lililokwisha kutumika hospitalini.

Kama unatengeneza baiskeli na pikipiki, au una karakana ya seremala au ya kuchomelea, kikopo cha pampu cha mililita 200 au 300 kinafaa. Cha nusu lita ni kwa karakana yenye mashine nyingi. Kikubwa kwa mtu mwenye kazi ndogo ni mzigo tu, na mafuta yanakaa ndani hadi yanaingia uchafu.

Angalia mdomo. Mdomo mgumu wa chuma unalenga vizuri na haupasuki upesi. Mdomo unaopinda unafika mahali palipojificha, nyuma ya gurudumu au chini ya meza ya mashine. Ukiweza kupata kikopo ambacho mdomo wake unafunguka kwa kuzungushwa, chukua hicho, kwa sababu unaweza kuusafisha au kuubadilisha.

Angalia mwili. Cha chuma kinavumilia kuanguka na safari. Tazama mshono wake, hasa kwenye kitako, maana ndipo kinapovuja. Cha plastiki ni chepesi na baadhi yake vinaonyesha kiasi cha mafuta kilichobaki, lakini jua kali na esanse vinakiharibu.

Kisha kijaribu dukani. Mwombe muuzaji atie mafuta kidogo, kwa heshima tu, atakuelewa. Vuta mkono mara kadhaa. Mivuto ya kwanza inatoa hewa, hiyo si kasoro. Baada ya hapo kila mvuto lazima utoe mafuta. Achia mkono uone kama unarudi wenyewe kwa nguvu. Ukirudi polepole, springi ni dhaifu. Ngoja kidogo utazame mdomo: ukiendelea kudondosha, vali haifungi. Kilaze ubavu uone kama kinavuja kwenye kifuniko. Kikopo cha bei rahisi kinachoshindwa majaribio haya kitakugharimu zaidi kwa mafuta yatakayomwagika.

Familia ambazo hazina uwezo zinaweza kushirikiana. Mafundi watano wa mtaa mmoja wanaweza kununua kikopo kimoja kizuri, mmoja akawa mtunzaji.

Mafuta ya kutia ndani

Kikopo kizuri chenye mafuta mabaya ni kazi bure. Cherehani inataka mafuta ya cherehani, meupe na membamba. Baiskeli na bawaba zinavumilia mafuta mazito kidogo ya mashine. Mashine ya kusaga unga ina mambo mawili: injini inataka mafuta yake ya kumiminwa kwa kipimo, na beringi nyingi za kinu zinataka grisi, ambayo haipiti katika kikopo chetu. Grisi ina pampu yake.

Usitie mawese wala mafuta mengine ya kupikia. Yatafanya kazi siku mbili tatu, halafu yatakuwa gundi. Usitie mafuta machafu yaliyotolewa kwenye gari wakati wa vidanji. Yana chembe za chuma ndani, nazo zinakula mashine kama mchanga. Tena ni mabaya kwa ngozi, kwa hiyo yakikushika nawa kwa sabuni.

Namna ya kutia ni hii: futa vumbi kwanza, tia tone, zungusha mashine kwa mkono, kisha futa yaliyozidi. Kwa cherehani, shona kidogo kwenye kitambaa chakavu kabla ya kushika nguo ya mteja.

Pampu ikigoma, mara nyingi ni takataka iliyokaa chini ya kigololi. Fungua, osha kwa petroli, kausha, tia mafuta safi yaliyochujwa kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Weka kikopo kikiwa kimesimama, kimefungwa, mbali na jiko.

Jambo moja kubwa kwa wazazi. Katika vibanda vidogo watu wanaweka mafuta ya mashine na petroli katika chupa za soda au za maji, na mtoto anaona kinywaji. Usifanye hivyo. Mtoto akinywa, usimlazimishe kutapika, kwa maana mafuta yanaweza kuingia kwenye mapafu. Mpeleke mara moja kwenye kituo cha afya, pamoja na chupa yenyewe.

Na kwa wale ambao wanaweza kulazimika kuhama tena au kuacha mashine kwa jirani, kumbukeni mainjinia wa Liemba. Ukipata hata nusu saa, futa mashine, tia mafuta katika kila kitundu, paka sehemu za chuma zilizo wazi, ifunge kwa kitambaa na uiweke juu ya mbao, isiguse udongo. Ukirudi na kuikuta imekwama, usitumie nguvu wala nyundo. Tia matone ya petroli kwenye viungo, iache ilale usiku mmoja, asubuhi izungushe polepole kwa mkono. Ikianza kulegea, futa petroli, tia mafuta yake. Cherehani nyingi zilizohesabiwa kuwa zimekufa zinarudi kwa njia hiyo.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kikopo kidogo cha mafuta, kilichochaguliwa vizuri na kutunzwa, ndicho kinachoziba ufa huo katika mashine inayolisha nyumba. Mafundi wenye swali au ujuzi mwingine juu ya jambo hili, hasa wazee waliofanya kazi ya reli au ya meli, tuandikieni au mtupigie, tutasoma majibu yenu hapa hapa.